Mtoto Hana Daftari: Mtu Mmoja, Jamii, na Nani Anamdai Mwenzake

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi tulikusanyika nje ya nyumba moja ya kupanga huku mtaani kwetu, pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mtoto wa fundi aluminiamu alikuwa amefariki alfajiri, akiwa na miezi saba. Fundi mwenyewe alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ameinama, suruali ya kazi bado ina chenga za aluminiamu magotini. Wanawake walikuwa ndani na mama wa mtoto. Sisi wanaume tulisimama kwenye matope nje, tukibishana kwa sauti ya chini.

Tulikuwa tunabishania daftari. Mtaa wetu una chama cha kuzikana, kama ilivyo mitaa mingi ya hapa. Kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na fedha hizo ndizo zilizonunua turubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa, na ndizo zinazochangia sanda na jeneza. Mweka hazina ana kaunta buku lenye jalada gumu, kurasa amezipiga mistari kwa rula, jina la kaya kushoto, miezi kulia. Jina la fundi halikuwemo. Alipohamia aliombwa mara mbili ajiandikishe, akakataa kwa adabu: anasomesha wadogo zake watatu huko Singida, na kazi yake haiji kila mwezi. Kisha akaongeza kwamba yeye hajamwomba mtu amzikie. Neno hilo la mwisho ndilo lililobaki vichwani mwa watu.

"Katiba ya chama inasema wanachama," mweka hazina alisema. Si mtu mbaya. Ni mwalimu mstaafu, na hajawahi kulaumiwa kwa senti moja. "Tukimpa huyu bure, kesho nani atalipa?"

Bibi mmoja mjane, mwenyeji wa Chamwino, alitoka ndani na ndoo kutafuta maji. Akasimama, akatusikiliza. "Daftari ni la baba yake," akasema. "Mtoto hana daftari." Akaenda zake bombani. Turubai likaletwa.

Ubishi wetu wa asubuhi ile ni ubishi mkubwa wa dunia nzima, umevaa kandambili tu. Mtu ana haki ya kuishi apendavyo, au jamii ina haki ya kumdai aishi kama wenzake? Bungeni, misikitini, makanisani, redioni na kwenye simu zetu, watu wanarushiana maneno mawili, "haki yangu" na "maadili yetu", kana kwamba atakayepiga kelele zaidi ndiye mwenye kweli. Naamini tunagombana bure kwa sehemu kubwa, kwa sababu ndani ya kila neno kuna mambo kadhaa tofauti yaliyofungwa furushi moja. Ngoja nilifungue.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Kwetu ubinafsi ni tusi. Mbinafsi ni yule anayeficha nyama chini ya ugali mgeni akibisha hodi. Nani atasimama hadharani atetee ubinafsi? Ila jambo ambalo wanafalsafa wanalizungumzia wanapotetea nafasi ya mtu mmoja mbele ya kundi si uchoyo. Alexis de Tocqueville, Mfaransa aliyezuru Marekani mwaka 1831, aliliona hilo. Mwaka 1840 aliandika kwamba uchoyo ni wa tangu zamani na uko kila mahali, lakini aliona jambo jipya: mtu mtulivu, asiye na ubaya na yeyote, anayejitenga na familia yake na rafiki zake na kuiacha jamii kubwa ijiendee yenyewe. Hilo nalo alilihofia. Ndani ya furushi, hata hivyo, kuna kitu cha tatu, na ndicho chenye thamani: kwamba kila mtu ana heshima yake aliyozaliwa nayo, hakupewa na ukoo, kijiji wala serikali. Katiba yetu inalisema hili katika Ibara ya 12 kwa maneno machache: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Na Ibara ya 15 imetafuta namna ya kulitaja bila kutukana, ikaandika uhuru wa mtu binafsi.

Basi mtu anaposema "haki yangu", tumsikilize kwanza. Anaficha nyama, anajifungia geti, au anadai heshima ya utu wake? Haya ni madai matatu, na yanastahili majibu matatu.

Maadili ya jamii nayo ni furushi. Kuna shikamoo na kupisha mzee kwenye daladala. Huo ni uungwana, na adhabu ya kuuvunja ni kutazamwa vibaya. Kuna kuzikana, kuuguzana, kuchangiana ada; hizo ni kamba zinazotushika tusianguke. Halafu kuna amri: binti aolewe lini, mjane arithiwe na nani, shamba la ukoo liuzwe au lisiuzwe. Amri hizi huvaa nguo ya uungwana na kuazima joto la kuzikana, kisha huingia ndani ya maisha ya mtu na kumwamulia. Ukizipinga, unaambiwa umepinga shikamoo.

Mwingereza John Stuart Mill ndiye anayetajwa zaidi katika mjadala huu. Mwaka 1859 alitoa kanuni moja: jamii inaruhusiwa kumlazimisha mtu kwa sababu moja tu, kumzuia asiwadhuru wengine, faida yake mwenyewe haitoshi kuwa sababu. Wengi huishia hapo. Wanasahau kwamba hakuhofia serikali peke yake. Alihofia pia macho na midomo ya majirani, akiona rai ya wengi inaweza kumbana mtu kuliko polisi, kwa kuwa inamfuata hadi sebuleni. Aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha wapangaji sita anajua Mill alisema nini.

Kanuni yake ni nzuri, ila inateleza. Chukua baba anayekunywa mshahara wake wote kilabuni. Pombe ni yake, koo ni lake. Mill mwenyewe alilijibu hili: mtu asiadhibiwe kwa kunywa, aadhibiwe kwa kutotunza watoto aliowajibika kuwatunza. Jibu linaridhisha, lakini linafungua mlango, kwa sababu karibu kila tunachofanya kinamgusa mtu mwingine mahali fulani. Karne moja baadaye Waingereza waliugombania mlango huo. Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba uhusiano wa wanaume wawili watu wazima, kwa hiari yao na faraghani, usiwe jinai. Jaji Patrick Devlin akajibu mwaka 1959 kwamba jamii inashikamana kwa maadili ya pamoja, na ina haki ya kuyalinda kwa sheria kama inavyojilinda na uhaini. Mwanasheria H. L. A. Hart akamuuliza swali ambalo halijachuja: kubadilika kwa maadili ya jamii ndiyo kufa kwa jamii? Babu zetu waliona mengi ni mwiko ambayo leo tunayafanya mchana kweupe, na bado sisi ni watu.

Msomaji anaweza kusema hao ni Wazungu, sisi tuna utu. Sawa, lakini wanafalsafa wa Afrika nao hawakukubaliana. Mkenya John Mbiti, mwaka 1969, alieleza kwamba Mwafrika hujiona yupo kwa sababu wenzake wapo. Mnigeria Ifeanyi Menkiti akaenda mbali zaidi mwaka 1984: mtu hazaliwi mtu kamili, jamii humfanya kuwa mtu kadiri anavyokua na kubeba wajibu. Kwame Gyekye wa Ghana alikataa. Ni kweli, alisema, jamii hutulea na kutupa lugha na maana, lakini mtu hubaki na akili ya kuitazama jamii iliyomlea na kuiambia, hapa mmekosea. Mimi niko na Gyekye. Kama Menkiti angekuwa sahihi kabisa, mtoto wa miezi saba angekuwa na utu kidogo kuliko mweka hazina wetu, na bibi wa Chamwino asingekuwa na neno la kusema.

Lakini kwa mtu wa mkoa huu, kuyajua haya hakuhitaji vitabu. Ardhi yetu imeyapitia.

Wagogo waliishi kaya zikiwa zimetawanyika, tembe hapa, tembe kule, na walikuwa na sababu. Mvua za Dodoma ni chache, hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na zinaweza kulinyeshea bonde moja zikaruka la pili. Mwenye akili hakuweka ng'ombe wote zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, wengine wapone kule. Tazama jinsi mtu na jamii walivyofungamana hapo. Kila mwenye kaya aliamua mambo yake, lakini hakuna aliyepona njaa peke yake.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakakusanywa vijijini, ili shule, zahanati na maji yawafikie. Kusudi lilikuwa jema, nami siwadharau walioliamini. Wako watu wanaosoma makala haya kwa sababu tu shule ilifika kijijini kwao. Kinachonikaa moyoni ni hiki. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuumbwa kwa nguvu. Mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Miaka mitano tu, na kiongozi ni yule yule. Watu waliosongamana mahali pamoja waliona mashamba ya karibu yakichoka, kuni zikienda mbali, malisho yakiisha. Walichokijua kuhusu mvua yao hawakuulizwa.

Kondoa panatufundisha jambo gumu zaidi. Kule kwa Warangi mmomonyoko ulikuwa umekula vilima hadi yakabaki makorongo mekundu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wakauita HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Si kupunguzwa, kuondolewa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Fikiria unaamka huna maziwa, huna samadi, huna mahari ya mwanao. Na uoto ukarudi. Nyasi zikafunika, miti ikaota, makorongo yakaanza kupona. Basi jamii ilikuwa sahihi? Kwa udongo, ndiyo, nasema bila kusitasita. Lakini mifugo haikuyeyuka hewani. Mingi ilipelekwa tambarare za jirani, mzigo ukahamia mgongo mwingine. Na waliopoteza mifugo ndio walioambiwa kuwa wao ni jamii, na kwamba jamii imeamua.

Mwaka 1968 mwanabayolojia Garrett Hardin alikuwa amedai kwamba malisho ya wote lazima yaangamie, kwani kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Tiba ni serikali au hati ya mtu binafsi. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuonyesha njia ya tatu, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Alichunguza wavuvi, wachungaji na wakulima wa umwagiliaji sehemu nyingi duniani, akakuta watu wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi, wakitimiza masharti fulani. Mojawapo ni hili: wanaofungwa na kanuni wawe na sauti katika kuitunga na kuibadili.

Hapo ndipo nimesimama. Swali la "mtu au jamii" limekaa vibaya. Jamii haina mdomo wake. Daima kuna mtu anayesema kwa jina lake. Mimi huuliza mawili. Yule anayebanwa na maadili haya alipewa nafasi ya kusema? Na akisema hapana, anaweza kuendelea kuishi hapa, au anapoteza kila kitu? Maadili yanayopita mitihani hiyo yanaweza kudai mengi, hata ya kuumiza. Yanayofeli ni amri ya baadhi yetu juu ya wengine.

Mahakama zetu zimeyapima haya kwa umakini ambao wengi hawaujui. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilisikiliza kesi ya mwanamke wa Kagera aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia halali, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mila iliruhusu mwanamume kuuza, mwanamke hapana. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inagongana na Katiba, na mwanamke ana haki ile ile. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyohusu dhamana, iliweka msingi ambao ningependa ubandikwe kila ofisi ya kijiji: haki na wajibu wa mtu vina mpaka kwenye haki na wajibu wa jamii, na kinyume chake. Watu hupenda kunukuu nusu ya kwanza. "Na kinyume chake" huachwa njiani, na humo ndimo ulimo uhuru.

Kesi iliyogusa mzizi kabisa ilisikilizwa hapa hapa Dodoma. Juni 1994 Jaji Mwalusanya huyo huyo alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba, kwa kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, hata muuaji. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Ibara ya 30 inairuhusu kwa maslahi ya umma, na kwamba ni jamii inayoamua kama bado inaihitaji. Ibara hiyo ndiyo daraja kati ya mtu na wengine: inazuia haki zako zisitumike kuvunja za wenzako, na inaruhusu sheria za kulinda umma. Na jamii imeamuaje? Adhabu imebaki vitabuni, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Tunalishika shoka na hatulishushi. Kwangu hiyo ni dalili kwamba dhamiri ya pamoja haijatulia, na ni heri isitulie.

Sasa nirudi kwa wasio na sauti kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alisubiri 18; mahakama iliweza kuruhusu hata miaka 14. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilipeleka mahakamani, akashinda mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya serikali. Waliotetea vifungu vile walitaja mila na dini. Binti wa miaka 15 hakuwepo mila hiyo ilipokaa kikao.

Ukeketaji ni mgumu zaidi, na sisi wa Dodoma, Singida na Manyara hatuna ruhusa ya kuuzungumza kama jambo la wengine. Mwaka 1998 sheria iliufanya kosa la jinai kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Ila huku kwetu ulikuwa umeshikwa na imani ya lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri ambayo watu waliamini dawa yake ni kukata. Dawa ya hospitali ilitosha. Sheria ilipokuja, wengine hawakuacha, walipunguza umri: wakaanza kukeketa vichanga kimyakimya, bila ngoma, ili asionekane mtu wa kumshitaki. Sheria ilikuwa ya haki kabisa, na ningeitetea popote. Lakini inaonyesha kwamba haki ya mtu mmoja haiishi kwenye karatasi peke yake. Inataka bibi, shangazi na mkunga wa mtaa waamini wenyewe kwamba yule mtoto ni mtu. Maadili ya jamii, yaliyogeuzwa na watu wake kutoka ndani, ndiyo ngao ya mwisho ya kichanga.

Ndiyo maana siwezi kujiunga na wanaosema jamii ituache tu. Naiona Dodoma ikikua, makao makuu yamehamia, mitaa mipya ina kuta ndefu na mageti ya chuma, na mtu anaweza kuugua siku nne jirani asijue. Anayefungulia maji taka barabarani usiku anasema kiwanja ni chake. Huyo hana hoja ya uhuru, anaficha nyama tu.

Miezi mitatu baada ya maziko, chama chetu kiliitisha kikao chini ya mwarobaini wa mwenyekiti wa mtaa. Fundi alialikwa, akaja, akasimama nyuma. Mwenyekiti akamwambia, "Sema, mwanangu, hakuna anayekula mtu hapa." Akasema kwamba yeye si kwamba hataki, akipata kazi ya madirisha analipwa kwa mkupuo, halafu anakaa wiki sita bila kitu, na aliona aibu kuandikwa kisha ajazwe misalaba myekundu mbele ya watu. Ubishi ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisema tunabomoa chama, na bado anasema hivyo. Mwishowe ikapita kwamba mtu anaweza kulipa mwaka mzima wakati wowote, au kutoa kazi ya mikono, na asiyetaka kabisa aachwe bila kusemwa.

Fundi hajajiandikisha mpaka leo. Lakini kila msiba anafika mapema, anabeba viti, anafunga kamba za turubai. Mafundo yake hayalegei hata upepo wa Agosti ukivuma. Mweka hazina naye, jioni ile ile ya kikao, alifungua ukurasa mpya wa kaunta buku, akashika rula akapiga mstari mmoja tu juu, akaandika kwa herufi kubwa WATOTO. Sehemu ya miezi na malipo aliiacha nyeupe.